Walitupata Kisumu, Wakatukosa Edmonton



Kuna neno moja la Kiingereza cha maofisini ambalo limenichosha. Kwa Kiswahili chetu lingekuwa "watu wasiofikika." Utalikuta katika ripoti za afya, katika maombi ya ruzuku, katika hotuba za wakubwa, na kila linapotokea ujue wanaosemwa ni sisi, Waafrika wa London, hasa wanaume. Hatufikiki, kana kwamba tunakaa ndani ya mapango ya Amboni.

Mimi nakaa Edmonton, si mbali na soko la Edmonton Green. Nikitoka nje saa kumi na moja alfajiri nawakuta hao wasiofikika wamejaa kituoni wakisubiri basi namba 149 na 279. Wengine wanatoka zamu ya usiku, macho mekundu. Wengine ndiyo kwanza wanakwenda kubeba boksi au kufagia ofisi za watu kabla wenye ofisi hawajaamka. Idara ya kodi imewafikia. Manispaa imewafikia. Watu wa leseni ya televisheni wamewafikia, tena kwa barua tatu mfululizo. Utafiti wa tezi dume peke yake ndio uliopotea njia.

Wala Edmonton si pori katika mambo ya utabibu. Mshairi John Keats alijifunza uganga hapa hapa, kwa daktari mmoja aitwaye Thomas Hammond, kabla ya kwenda hospitali ya Guy's mwaka 1815. Hospitali yetu ya North Middlesex ilianza mwaka 1910 kama hospitali ya nyumba ya maskini. Na hiyo 149 ninayoisema ukiipanda Edmonton Green hushuki mpaka London Bridge, na Guy's iko pale pale. Barabara ipo, basi lipo, na abiria wapo.

Kilichonishikisha kalamu ni rasimu. Tarehe 28 Novemba 2025 kamati ya taifa inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu upimaji wa magonjwa kwa watu wasio na dalili ilitoa rasimu ya mapendekezo yake juu ya saratani ya tezi dume. Ilipendekeza wanaume waliorithi hitilafu za jeni ziitwazo BRCA waitwe wapimwe kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 45 mpaka 61. Wanaume wote kwa jumla, hapana. Wanaume Weusi nao, hapana. Kamati haikusema kwamba hatuugui. Inajua tunaugua. Ilisema hakuna uhakika wa kutosha juu ya faida na madhara ya kutupima, kwa sababu majaribio ya kitabibu yenye wanaume kama sisi ni haba mno.

Isomeni tena, waungwana, msiipite haraka. Hatupimwi kwa sababu hatumo katika utafiti. Na hatumo katika utafiti kwa sababu waliouandaa hawakutuandikisha. Mtu amepika, amepakua, amesahau sahani yako, halafu anaandika kwenye daftari kwamba wewe haijulikani kama unakula wali.

Kwa wale ambao somo hili huwa wanalikwepa, nieleze kidogo. Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wa kungu dogo, kinachokaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Uzeeni hutanuka, na ndiyo maana babu huamka mara nne usiku. Kutanuka huko mara nyingi si saratani. Saratani yenyewe ikiwa changa kwa kawaida haina dalili yoyote, na hapo ndipo ilipo hila yake. Mtu anasubiri maumivu ndipo aende, na maumivu yanapofika ugonjwa umeshahama nyumba.

Sasa hesabu. Uchambuzi wa kumbukumbu za Uingereza za miaka ya 2008 hadi 2010, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mwanamume Mzungu mmoja kati ya 8 atakutwa na saratani hii maishani mwake. Kwa mwanamume Mweusi ni mmoja kati ya 4. Kufa kwayo, Mzungu ni mmoja kati ya 24, Mweusi ni mmoja kati ya 12. Kwa wenye asili ya Kihindi na nchi jirani zake hatari ni ndogo zaidi, mmoja kati ya 13 kuipata na mmoja kati ya 44 kufa. Kwa hiyo pale msikitini au kanisani, ukiwatazama wanaume kumi na wawili wa Kiafrika waliokaa safu moja, hesabu hiyo inasema mmoja wao atauawa na kitezi kile, isipokuwa kitu kibadilike.

Na wala si habari mpya. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliopekua kumbukumbu za hospitali za London na Bristol, ukakuta wanaume Weusi, wa Karibi na wa Afrika pia, wanapata maradhi haya karibu mara tatu ya Wazungu. Tangu 2008 mpaka rasimu ya 2025 ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa Edmonton mwaka ule sasa ana ndevu. Ikiwa taifa lilijua tangu wakati huo kwamba kundi moja linaugua mara mbili au tatu, lingefanya nini taifa lenye nia? Lingeanzisha jaribio la kundi hilo mwaka 2009. Halikufanya hivyo, kisha likashangaa kukosa majibu.

Kuna jaribio kubwa la Uingereza liitwalo ProtecT, ambalo kwa haki kabisa ni la kusifiwa. Kati ya 1999 na 2009 wanaume 82,429 wa umri wa miaka 50 hadi 69 walipimwa damu, ile ya PSA. Waliokutwa na saratani iliyokuwa bado haijatoka ndani ya tezi wakaombwa wakubali kura iwaamulie: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa kwa karibu bila tiba. Wakakubali 1,643. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya miaka 15, nayo yalituliza nyoyo za wengi: wagonjwa karibu 97 katika kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu. Maana yake mtu mwenye saratani ya polepole anaweza kukwepa kisu, na kwa kukwepa kisu akakwepa pia kuvuja mkojo na kupoteza nguvu za kiume, madhara ambayo kila mmoja wetu anayaogopa kuliko kifo chenyewe, ingawa hatusemi.

Lakini waulize ni nani hao 1,643. Karibu asilimia 99 walikuwa Wazungu. Na waulize lilifanyika wapi. Lilifanyika katika miji tisa: Birmingham, Bristol, Cambridge, Cardiff, Edinburgh, Leeds, Leicester, Newcastle na Sheffield. London haimo. Mji wenye Waafrika na Wakaribi wengi kuliko mji mwingine wowote wa nchi hii haumo katika orodha. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa mezani akapanga kutuacha. Nasema hakuna mtu pale mezani aliyeona kwamba tumeachwa, na hilo kwangu ni zito zaidi, kwa sababu mbaya wako unaweza kumshtaki, asiyekuona utamshtaki kwa lipi?

Hapa ndipo jambo linapotoka kwenye makaratasi ya wataalamu na kuingia chumbani mwa mgonjwa. Mchukue mwanamume wa Kimombasa wa miaka 58, dereva wa teksi, amekutwa na saratani changa. Daktari, kwa nia njema, anamwambia asiogope, wafuatilie tu, utafiti unaonyesha ni salama. Utafiti upi? Ule wa watu 1,643 ambao karibu wote hawafanani naye. Je, saratani yake inakwenda mwendo ule ule? Pengine ndiyo. Wamarekani wamejaribu kuuliza. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyowafuatilia wanaume 8,726 waliotibiwa katika hospitali za wanajeshi wastaafu, kati yao 2,280 Weusi, wote wakiwa kwenye ufuatiliaji wa namna hiyo. Saratani za Weusi zilisonga mbele kwa wengi zaidi, na wengi zaidi wakaishia kuhitaji tiba. Lakini vifo katika ile miaka kumi havikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Jibu hilo lina mawili ndani yake: linatuliza, na linasema mfuatilie huyu kwa jicho kali zaidi. Hayo ndiyo majibu mtu anayoyapata akiuliza. Dereva wetu wa Kimombasa anastahili jibu lililoulizwa kwa ajili yake, si kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine.

Nijibu mapema hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ipo na si ya kipuuzi. Kipimo cha PSA si mizani ya dhahabu. Kinapanda kwa sababu nyingi zisizo saratani, na kinafukua saratani ambazo zisingemdhuru mtu mpaka anaingia kaburini kwa uzee. Jaribio jingine la hapa, CAP, lenye wanaume 415,357, lilitazama faida ya kuwaalika watu wapimwe mara moja tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 0.69 katika kundi lililoalikwa na asilimia 0.78 katika lile ambalo halikualikwa. Tofauti haifiki kifo kimoja kwa kila wanaume 1,000. Kamati ikitazama tarakimu hizo ikasita kuwaita wanaume wote wa Uingereza, siilaumu. Lakini mizani hiyo ina sahani mbili. Madhara yanakaa upande mmoja, faida upande mwingine, na uzito wa faida unategemea hatari aliyo nayo mtu. Anayekabiliwa na hatari ya kufa mara mbili hawezi kupimiwa kwa jiwe la jirani yake. Tena hata madhara yenyewe yamepungua. Kazi zilizoongozwa kutoka hapa hapa London, PROMIS ya 2017 na PRECISION ya 2018, zimeonyesha kwamba picha ya MRI ikitangulia, wengi hawahitaji kuchomwa sindano za kukata vinyama kabisa. Mambo yamebadilika. Ni orodha ya wanaohesabiwa tu iliyobaki pale pale.

Sasa nirudi kwenye lile neno, wasiofikika.

Mwaka 2002 na kuendelea, watafiti walikwenda Kisumu na Rakai kuuliza swali la kitabibu linalohusu maumbile ya mwanamume. Swali lilikuwa kama tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi. Fikirieni walichokuwa wanaomba. Si damu kidogo ya mkononi. Walikuwa wanamwambia kijana wa Kijaluo, ambaye mila yake haimtahiri, akubali kura imwamulie kama atatahiriwa leo au asubiri miaka miwili, kisha awe anarudi kupimwa na kuulizwa mambo yake ya faragha. Kisumu walijitokeza wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24. Rakai, Uganda, walijitokeza 4,996 wa miaka 15 hadi 49. Jumla ni 7,780. Desemba 2006 majaribio yote mawili yalisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu faida ilikuwa wazi: maambukizi yalipungua kwa karibu nusu au zaidi. Majibu yakachapishwa Februari 2007 katika jarida la Lancet la hapa London, na Machi mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanza kuipendekeza tohara. Sera ya bara zima iligeuka kwa miili ya ndugu zetu.

Niambieni basi. Mwanaume wa Afrika Mashariki aliyefikika Rakai, kwenye barabara ya vumbi, nyumba moja iko huku na nyingine kule ng'ambo ya migomba, anakuwaje hafikiki Fore Street, London, ambako ana namba ya nyumba, namba ya simu na daktari aliyeandikishwa kwake? Walitupata kwa sababu walikuja. Watu wa Rakai walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba tangu miaka ya mwisho ya 1980, wanajua majina ya watoto, wanazungumza lugha ya wenyeji, na mwenye malaria alitibiwa kabla ya kuulizwa maswali. Walitupata pia, tusifichane, kwa sababu swali lile lilikuwa na fedha nyuma yake na dunia ilikuwa na hofu ya ukimwi. Mwafrika kama hatari ya maambukizi alitafutwa mpaka mgombani. Mwafrika kama mtu anayezeeka na kukojoa kwa shida hana wa kumtafuta.

Wapo watakaosema: ninyi wenyewe hamuamini utafiti. Watatutajia Tuskegee, kule Alabama, ambako tangu 1932 mpaka 1972 serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume Weusi wakiliwa na kaswende ili iwatazame tu. Wanaohitaji kukumbushwa Tuskegee si sisi. Na sisi tuna ya kwetu pia. Nani kati yetu hakutishwa utotoni na mumiani? Pwani tuliambiwa anakamata watu akawakamua damu ikawe dawa. Uganda walimwita bazimamoto, wakilitazama gari jekundu la zimamoto kwa jicho baya. Katanga wakawa na batumbula wao. Mwanahistoria Luise White aliziandikia hadithi hizo kitabu kizima mwaka 2000. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Kiswahili "tunaomba damu kidogo kwa utafiti," usidhani unaongea na mtu mmoja. Nyuma yake yuko bibi yake anamvuta shati.

Lakini tazameni: Rakai iko Uganda. Nchi ya bazimamoto. Na watu 4,996 walikuja. Hofu ipo, lakini inazungumzika pale mtu anapoketi nawe mkazungumza. Anayeituliza hofu si kipeperushi chenye picha ya Mwafrika anayetabasamu.

Nimewasema wao vya kutosha, sasa nitusome sisi, na anayetaka kukasirika akasirike.

Kila jumuiya yetu hapa kaskazini mwa London inajua kuchangia msiba. Simu ikilia tu, bahasha inazunguka, na kwa siku chache paundi elfu kadhaa zimepatikana za kumsafirisha marehemu Dar, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi. Hilo tunalijua na ni jambo la kujivunia. Lakini uliza marehemu alikuwa anaumwa nini. "Mgongo." Miaka yangu hapa nimewazika wanaume wangapi waliokufa kwa mgongo? Mgongo hauui mtu. Saratani ya tezi dume ikihama hupenda sana mifupa, na uti wa mgongo ni mojawapo ya makao yake. Mke anajua, mtoto mkubwa anajua, daktari ameandika kwenye cheti, nasi tunasimama pale ubaoni na kusema mgongo, kwa kuwa kutaja kitezi kile ni kama kumvua marehemu suruali mbele ya wakwe. Na mdogo wake marehemu, ambaye hatari yake imepanda kwa sababu kaka yake aliugua, anarudi nyumbani akijua familia yao ina tatizo la mgongo.

Kisha kuna utani wa kidole. Mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye wajukuu, akitajiwa kipimo hiki anacheka na kuapa kwamba yeye hatafanyiwa mambo hayo. Kaka, kinachoanza siku hizi ni damu ya mkononi. Kikifuata kitu, mara nyingi ni picha. Unakataa kitu ambacho hata hujaombwa. Na mtu huyo huyo ukimfungulia kabati utakuta unga wa mizizi wa nguvu za kiume aliotumiwa kutoka nyumbani kwa gharama ambayo ingelipa nauli ya mwezi.

Ndiyo maana mimi namheshimu Jakaya Kikwete kwa jambo moja ambalo wapinzani wake pia wangefaa kumpa. Novemba 2014, akiwa Rais wa Tanzania aliye madarakani, alipasuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Aliporudi Dar es Salaam mwisho wa mwezi ule alisema wazi mbele ya watu kwamba ilikuwa saratani ya tezi dume, imegunduliwa mapema, na akawahimiza wanaume wakapime. Rais mzima alitaja kitezi. Najua, mtasema si kila mtu ana ndege ya kwenda Baltimore, na mtasema kweli. Lakini kutaja hakuhitaji ndege. Halafu tazameni jina la hospitali. Chuo hicho hicho cha Johns Hopkins ndicho kilichokuwa na Makerere kule Rakai. Wao walijua njia ya kuja kwetu.

Jirani yangu mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, ana miaka 47. Baba yake alikufa kwa ugonjwa huu, kwa jina lake halisi, si mgongo. Alikwenda kwa daktari wake akaomba kipimo. Akarudi ananiambia, "Kaka, banasema nirudie kisha miaka tatu." Sitamtaja daktari wala kliniki, kwa maana si wao peke yao. Utaratibu walioufuata madaktari wa mitaani kwa miaka mingi unampa mwanamume haki ya kuomba PSA bure akifika miaka 50, baada ya kuelezwa mazuri na mabaya yake, na haumtaki daktari aanzishe yeye mazungumzo hayo kwa mtu asiye na dalili. Aliyeuandika hakumfikiria Mkongo wa miaka 47 ambaye amemzika baba. Shirika la Prostate Cancer UK limekuwa likisema kwamba mtu Mweusi, au mwenye historia hiyo katika familia, azungumze na daktari tangu miaka 45. Nilimwambia arudi, aseme sentensi mbili tu: mimi ni Mweusi, na baba yangu alikufa kwa hiyo. Alirudi. Safari hii alipimwa.

Limeanza jaribio jipya liitwalo TRANSFORM, lililotangazwa Novemba 2023 kwa fedha za shirika hilo na za serikali, paundi milioni 42. Barua za kwanza zilitumwa Novemba 2025. Hatua ya kwanza itachukua wanaume 16,000, na hatimaye huenda wakafika 300,000. Weusi wataalikwa tangu miaka 45 mpaka 74, wengine tangu 50, na wameahidi kwamba katika kila waalikwa kumi mmoja atakuwa Mweusi. Hongera. Ni mara ya kwanza naona jaribio la ukubwa huo likianza kwa kutuhesabu. Lakini kualikwa si kuandikishwa. Barua itatumwa kumi, watano wamehama, wawili wameitupa wakidhani ni ya wadai, mmoja hasomi Kiingereza cha namna ile. Wakimpata mmoja watasema nini? Mnakijua watakachosema. Wasiofikika.

Tena hulijazi fomu ukaomba kuingia. Wao ndio wanaokuchagua kutoka katika kumbukumbu za GP. Basi kumbukumbu yako inasemaje? Wengi wetu tumepanga chumba Tottenham, tukahamia Edmonton, tukahamia Ponders End, na anwani iliyoko kwa daktari ni ya nyumba ambayo mwenyewe ameshaiuza. Halafu kuna vile visanduku vya asili. Mzanzibari anatia alama kwenye "Mwarabu," kisanduku kilichoingia katika sensa ya hapa mwaka 2011. Mbarawa na Mbajuni wanatia "Nyingine." Mwenye babu wa Kihindi na bibi wa Kidigo anaacha wazi, akisema hayo ni mambo yao. Kila mtu na nasaba yake, siingilii, na mimi mwenyewe nina shangazi ambaye ukimuuliza asili yake atakutajia Yemen mpaka chai ipoe. Ila mjue kwamba kompyuta inayochagua wa kualikwa akiwa na miaka 45 haijui shangazi; inasoma kisanduku.

Na kuna ndugu zetu wasio na makaratasi. Hawa serikali iliwafukuza yenyewe. Januari 2017 ilitangazwa hati ya makubaliano iliyoiwezesha idara ya wahamiaji kupata anwani za watu kutoka kumbukumbu za afya. Kelele zikapigwa, na mwaka 2018 mpango ule ukasitishwa na kuondolewa. Lakini hofu haiondolewi kwa tangazo. Kujiandikisha kwa GP hakuhitaji viza wala pasipoti, na kumwona ni bure kwa kila mtu. Mtu wa mapokezi akikuambia vinginevyo amekosea. Ila ukipelekwa hospitali na huna haki ya ukaazi, bili ni asilimia 150 ya gharama, na tangu 2017 kwa tiba isiyo ya dharura hudaiwa kabla ya kutibiwa. Huyo unamwambiaje akapime? Akapime apate habari ambayo hana fedha ya kuifanyia kitu? Nchi inayomtoza hivyo mtu kama yule isije ikaandika tena ripoti kwamba hatujitokezi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tuna kikao cha jumuiya. Ajenda nimeiona: mfuko wa misiba, sherehe ya Idi na Pasaka, na yule bwana wa viwanja vya Kigamboni ambaye amepewa dakika arobaini, kama kawaida yake. Nimemwandikia katibu kumwomba atafute muuguzi wa njia ya mkojo aje azungumze kwa Kiswahili au apatiwe mkalimani, awekwe mwanzo kabisa kabla watu hawajaanza kutazama saa, na wanaume waje na jina la GP wao na anwani wanayokaa kwa kweli. Amenijibu kwamba wazo ni zuri, ila anaona haya kuliandika neno lenyewe kwenye tangazo. Je, tuseme "afya ya mgongo"?